Uzi: Mashambulizi yetu ya altimeti yanakwama. Kosa ni la mahandla au la wakataji?

#1 Mtupaji wa Umoja
Wadau, hamjambo. Timu yetu ya altimeti, mchezo wa kupasiana diski ya kurusha hadi eneo la bao, hufanya mazoezi Jumamosi upande wa Eastlands, na kila tunapokutana na wapinzani wanaokaba kwa karibu tunaona jambo lile lile. Tunapiga pasi mbili au tatu nzuri, diski inafika pembeni, handla anaishika hadi hesabu ya saba au ya nane, anaitupa kwa hofu, na tunaipoteza. Wakataji wanasema mahandla wanachelewa. Mahandla wanasema hakuna anayejitokeza kupokea.

Kwa wageni wa mchezo: kati ya wachezaji saba wa kila upande, mahandla ni wale wawili au watatu wanaokaa karibu na diski, huanzisha shambulizi, na huirudisha mahali salama pasi za mbele zinapozibwa. Waliobaki ni wakataji, ambao kazi yao ni kukimbilia nafasi za mbele na kupokea. Mwenye diski haruhusiwi kutembea nayo, na mkabaji, yaani mlinzi anayesimama mbele yake, humhesabia kwa sauti kuelekea kumi.

Dai langu ni kwamba kosa ni la mahandla, kwa sababu tumewachagua kwa nguvu za mikono na si kwa wepesi wa miguu. Handla wetu akishatupa husimama akiitazama diski inavyopaa, ilhali naamini sehemu kubwa ya kazi yake huanza pale diski inapoachana na vidole vyake. Naomba maoni, hasa ya wale wanaocheza nafasi hiyo.

#2 Dada Rongai
Ndugu Mtupaji, mimi ni handla na ninalikataa dai hilo. Nikishika diski nina sekunde kumi kamili, na mkabaji wangu amenifungia upande mmoja wa uwanja kwa mwili na mikono yake, kwa hiyo pasi zangu nyingi hazina budi kupita upande uliobaki wazi. Huko huko ndiko wakataji wetu watatu wanakokimbilia kwa wakati mmoja, kila mmoja na mlinzi wake mgongoni, na palipokuwa na njia ya pasi sasa pana watu sita. Hata ningekuwa na miguu ya swala, njia iliyojaa haipitiki. Mkataji aliyekosa diski anapaswa kuondoka mara moja ili amwachie mwenzake nafasi, lakini wengi husimama palepale wakipunga mkono. Hesabu ikifika nane, lawama zinaniangukia mimi kwa kuwa diski ilikuwa mkononi mwangu.

#3 Karani wa Kanuni
Sahihisho kabla hatujaenda mbali. Dada Rongai, hizo si sekunde kumi kamili. Kwa kanuni za shirikisho la dunia la michezo ya diski, WFDF, mkabaji akiwa ndani ya mita 3 kutoka kwa mtupaji hutangaza kuwa anaanza kuhesabu, kisha huhesabu kuanzia moja, na diski hupotea ikiwa haijaachiwa wakati anapoanza kutamka kumi. Anayesubiri kumi ikamilike amekwisha kuchelewa. Wanaotazama ligi ya kulipwa ya Marekani, UFA, wasichanganyikiwe: kule hesabu ni ya sekunde 7 na kuna waamuzi.

#4 Kocha wa Jioni
Nimesoma #1 na #2, na naona nyote mnabishana kuhusu hesabu ya nane ilhali shambulizi lilishakufa kwenye hesabu ya tano.

Tuuangalie uwanja wenyewe. Upana wake ni mita 37. Diski ikiwa katikati, walinzi wanalazimika kuhofia pande zote mbili. Ikiwa kwenye mstari wa pembeni na mkabaji akaziba upande wa ndani, handla anabaki na ukanda mwembamba kando ya mstari, na kila mlinzi uwanjani anajua pasi itapita wapi. Kwa hiyo kazi ya handla hupimwa kwa namna anavyoizuia diski isikwame pembeni, na ikikwama, kwa namna anavyoiondoa haraka.

Handla wa pili anapaswa kukaa mita tano au zaidi kutoka kwenye diski, nyuma kidogo, mahali ambapo ana njia mbili za kukimbilia: anaweza kurudi nyuma na kupokea pasi ya kurudisha, au anaweza kumzunguka mlinzi wake na kupanda mbele kando ya mstari. Mlinzi mmoja hawezi kuzifunga zote mbili. Mwenye diski, akifika hesabu ya tano bila kuona pasi ya mbele, anageuza mabega na macho yote kwa handla huyo. Asichungulie kwa pembe ya jicho huku bado anatamani pasi ndefu. Pasi ya kurudisha ikishapokelewa, inayofuata ni pasi ya kuvusha, inayoipeleka diski upande wa pili kabla walinzi hawajahama. Timu nyingi ninazoziona hapa Nairobi hufanya ile ya kwanza na kuisahau ya pili, kisha zinashangaa kwamba zimerudi nyuma mita nane bila faida. Faida iko katika kuvusha.

#5 Mgeni wa Githurai
Asanteni, najifunza mengi. Nina swali la mtu aliyeanza juzi: kwa nini handla asitupe mbali tu kuelekea eneo la bao? Uwanja una urefu wa mita 110, nafasi ni tele, na tuna vijana wenye mbio.

#6 Karani wa Kanuni
Uwanja wa WFDF una urefu wa mita 100, na katika hizo kuna maeneo mawili ya bao yenye kina cha mita 18 kila moja, kwa hiyo uwanja wa kati unabaki mita 64. Hiyo 110 ni yadi, kipimo cha Marekani, ambako upana ni yadi 40.

#7 Mkimbiaji wa Kina
Ndugu Mgeni, karibu sana. Mimi ni mkataji ninayeishi kwa pasi ndefu, hivyo ningependa jibu liwe ndiyo, lakini pasi ndefu inahitaji vitu viwili kukutana kwa wakati mmoja: mkataji aliyemwacha mlinzi wake, na mtupaji ambaye mkabaji wake hajajipanga. Handla aliyesimama na diski kwa sekunde sita amempa mkabaji muda wa kutulia, na amewapa walinzi wa nyuma muda wa kuniona. Pasi ndefu nzuri nilizowahi kupokea zilitupwa mara tu baada ya pasi ya kuvusha, wakati mkabaji alikuwa bado anakimbia kumfikia mtupaji. Kwa hiyo ninamuunga mkono Kocha. Kuhusu wakataji wanaopunga mkono, Dada Rongai, ninajua unamsema nani, na ninaahidi kwamba Jumamosi ijayo nitaondoka mapema.

#8 Dada Rongai
Nilikuwa ninamsema yeye, pamoja na wengine wawili ambao wanausoma uzi huu kimya kimya.

#9 Zamani Raga
Nimetoka kwenye raga nikaingia altimeti, na nafasi hii naielewa kupitia nambari tisa wa raga ya wachezaji kumi na watano. Nambari tisa huufuata mpira kila unapoangushwa, huutoa haraka, na hata mara moja hangoji kuona kama pasi yake ilikuwa nzuri, kwa sababu tayari anakimbilia mahali utakapoangukia tena. Timu yenye nambari tisa anayesimama haishindi kitu. Hapo Mtupaji wa Umoja ana haki. Wengi hapa wamezoea soka, wanamfikiria handla kama kiungo mchezeshaji anayesimama katikati, anainua kichwa na kugawa mipira kwa utulivu, na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya wasimame baada ya kutupa.

#10 Kocha wa Jioni
Mfano wa raga unasaidia hadi mahali fulani, ndugu. Nambari tisa hupiga pasi ya nyuma tu, na nyuma yake pana mstari wa wenzake waliojipanga kuipokea. Handla anatakiwa kuamua kati ya mbele, nyuma na pembeni huku hesabu ikisomwa usoni pake. Ninachokubali ni ile hatua ya kwanza baada ya kutupa. Diski inapotoka, mkabaji kwa kawaida hugeuza kichwa kuifuata. Kwa muda huo mfupi handla hana anayemtazama, na hatua mbili au tatu za kasi zinatosha kumpatia diski tena akiwa mbele ya mlinzi. Mahandla watatu wanaojua kutupa na kwenda, kutupa na kwenda, wanaweza kuipandisha diski nusu ya uwanja kabla mkataji hata mmoja hajaguswa.

#11 Upepo wa Kusi
Salamu kutoka kwa mtu wa Mombasa aliyehamia Nairobi kikazi. Ninyi mnatafuta kosa kwa watu ilhali mimi nalitafuta kwenye hewa. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa karibu asilimia 15. Diski ya gramu 175 inayotupwa polepole hupata mwinuko mdogo zaidi, huzama mapema, na huanza mapema kuinamia upande mmoja kama inavyofanya mwishoni mwa safari yake. Pasi laini ya kuning'inia ambayo kule ufukweni ingemngoja mpokeaji, hapa inamfikia magotini. Handla aliyejifunza kutupa taratibu anapoteza imani na pasi ya kurudisha, anashika diski, na hesabu inakwenda. Kwetu tatizo ni jingine kabisa: kusi ikivuma hakuna pasi inayolala mahali ulipoitupa, kwa hiyo handla wa Pwani hujifunza mapema kutupa chini, kwa mzunguko mwingi na kwa kasi. Walete mahandla wenu Mombasa mwezi wa Julai, warudi wakiwa watu wengine.

#12 Mtupaji wa Umoja
Upepo wa Kusi, nakubali kuhusu hewa, lakini wapinzani wetu wanavuta hewa hiyo hiyo na diski yao haipotei pembeni. Mzunguko mdogo wa mkono ni kasoro ya kweli, hasa kwenye fohendi, yaani mtupo wa upande wa mkono unaotupa, na inatuumiza zaidi mvua za Machi hadi Mei zinapofanya diski iteleze. Hata hivyo haielezi kwa nini handla wa pili anakuwa amesimama sambamba na diski, mita mbili kutoka kwa mwenzake, akiomba pasi bila kusogea.

#13 Mlinzi Asiyechoka
Niruhusuni nizungumze kutoka upande wa pili, kwa kuwa kazi yangu ni kumlinda handla. Handla aliyesimama ni zawadi kwangu. Nikimwona ametulia, ninamwacha, ninapiga hatua nne kuelekea mbele, na ninakaa katikati ya njia ambayo mkataji alitaka kupokelea. Simwogopi kwa sababu najua mwenye diski hamtazami. Kwa hiyo Dada Rongai anapoona umati kwenye njia ya pasi, aangalie vizuri: mmoja wa watu hao ni mimi, na nimefika pale kwa sababu handla mwenzake hakunilazimisha kubaki naye. Anayenitesa ni yule anayekimbia kando ya mstari kila mara ninapogeuza kichwa, kwa sababu akipokea diski mbele yangu huku anakimbia, hakuna mkabaji aliyejipanga, na pasi yoyote inawezekana.

#14 Dada Rongai
Mlinzi, umesema jambo zuri, lakini umelisema nusu. Ukimwacha handla mwenzangu, yeye yuko huru. Mwenye diski akiwa amefundishwa kutazama, anampa pasi rahisi kuliko zote, na wewe uko katikati ya uwanja ukiwa na deni la mita sita. Kwa hiyo kosa liko kwenye macho ya mtupaji kabla halijafika kwenye miguu ya handla wa pili. Hapa Nairobi tunamfundisha kila mgeni kutazama mbele, mbele, mbele, kisha tunamlaumu kwa kutoona nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo halijaguswa. Katika mchezo wa mchanganyiko, ambapo kila timu huweka wachezaji wanne wa jinsia moja na watatu wa nyingine, nimeona timu zikipanga wanaume kuwa mahandla wote watatu na wanawake wote kuwa wakataji, bila kuuliza nani anatupa vizuri. Mimi nilipewa nafasi ya handla baada ya aliyekuwa akiicheza kuumia kifundo cha mguu, wala si kwa sababu mtu alinitazama nikitupa. Tunapochagua mahandla kwa urefu na sauti, tunapoteza watupaji wazuri wanaotumwa kukimbia mbele mchana kutwa.

#15 Nyasi Ndefu
Dada Rongai amefungua mlango, nami ninaingia. Nadhani mgawanyo wenyewe wa handla na mkataji ndio unaotukwamisha. Katika safu ya wima, yaani wakataji wakipangwa mstari mmoja kufuata urefu wa uwanja, kwa kawaida tunakuwa na mahandla wawili na watu watano kwenye safu, na katika safu ya mlalo, wakipangwa kukatiza upana wake, mahandla watatu na wakataji wanne, na mchezaji aliyepewa jina la mkataji hajizoezi tena pasi ya kurudisha. Akipokea diski mita thelathini mbele, anakuwa yeye ndiye handla kwa sekunde zile, na hajui la kufanya. Ndiyo maana pasi ya tatu inatuua. Kuna mfumo uliokuzwa Brighton, Uingereza, ambao wachezaji hujipanga kwa pembe sita na mmoja katikati, na yeyote aliye karibu na diski hufanya kazi ya handla. Tumeujaribu na vijana wa shule moja karibu na Ngong Road, na ninaona wanaelewa nafasi haraka kuliko watu wazima waliozoea majina.

#16 Kocha wa Jioni
Nyasi Ndefu, vijana hao ningependa kuwaona wakikabiliwa na ulinzi wa kanda, ambapo kila mlinzi hulinda eneo badala ya mtu, wenye kikombe, yaani walinzi watatu wanaotembea na diski na kuizunguka. Hapo unahitaji watu watatu watulivu nyuma, wanaopasiana upande hadi upande bila haraka hadi kikombe kichoke na pengo lipatikane. Utulivu huo haugawiwi kwa zamu. Mtu huujenga kwa kuishika diski mara nyingi sana kuliko wenzake, na ndiyo sababu nafasi hiyo ina wenyewe.

#17 Nyasi Ndefu
Na wenyewe hao wakiumia, kama ilivyotokea kwa Dada Rongai, timu inabaki na nini? Kikombe kinapitwa na yeyote aliyefundishwa kusubiri. Tofauti yetu, Kocha, ni kwamba wewe unawafundisha watatu na mimi nataka kuwafundisha saba.

#18 Karani wa Kanuni
Kwa kuwa kikombe kimetajwa, niongeze jambo ambalo mahandla wetu hawalitumii. Walinzi wengine, mbali na mkabaji, hawaruhusiwi kukaa ndani ya mita 3 kutoka kwa mtupaji isipokuwa wanamlinda mshambuliaji mwingine aliye karibu nao kiasi hicho hicho. Vilevile mkabaji lazima aache nafasi isiyopungua kipenyo cha diski moja kati ya mwili wake na wa mtupaji. Mtupaji anayeona kosa hilo, au anayesikia hesabu ikikimbizwa, anaweza kulitaja, na mkabaji hurudisha hesabu nyuma kwa moja. Mchezo huu ulianza mwaka 1968 katika shule ya Columbia High School huko Maplewood, New Jersey, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ikaitambua WFDF kikamilifu mwaka 2015, na hadi leo mashindano ya dunia huchezwa bila mwamuzi. Handla ndiye anayekabwa kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuzijua kanuni kuliko wote. Nimeona wengi wakipoteza diski kwenye hesabu ya nane ambayo kwa haki ilikuwa ya sita.

#19 Zamani Raga
Karani, hilo ni kweli, ila kutaja kosa kunataka ujasiri mbele ya mkabaji mwenye umri mkubwa. Vijana wetu wana adabu, wananyamaza.

#20 Karani wa Kanuni
Kutaja kosa kwa sauti ya kawaida na kumsikiliza mwenzako ni sehemu ya Roho ya Mchezo, yaani kanuni kwamba wachezaji wenyewe husimamia haki uwanjani. Adabu haivunjwi. Kinachovunja mchezo ni kunyamaza halafu kununa.

#21 Mtupaji wa Umoja
Asanteni nyote. Sijabadili msimamo kuhusu miguu, hasa baada ya maelezo ya Mlinzi kwenye #13, lakini hoja ya macho ya mtupaji kwenye #14 ninaichukulia kwa uzito. Napendekeza zoezi Jumamosi: watatu kwa watatu ndani ya mraba mdogo, hesabu iishie sita badala ya kumi, na anayetupa bila kusogea hatua tatu atoke nje.

#22 Dada Rongai
Zoezi hilo litathibitisha unachokiamini tayari, kwa sababu halina wakataji. Weka wakataji wanne na walinzi wao, acha hesabu iwe ya kawaida, na mtu mmoja asimame nje akiandika, kila hesabu inapofika tano, mtupaji anatazama wapi na handla wa pili anafanya nini. Mimi nitaandika kipindi cha kwanza.

#23 Upepo wa Kusi
Na muandike pia ni pasi ngapi za kurudisha zilizofika chini ya kiuno.

#24 Mgeni wa Githurai
Je, mtu anayejua bekihendi peke yake, yaani mtupo wa kukatiza mkono mbele ya mwili, anaweza kuja?

#25 Kocha wa Jioni
Njoo. Utaanza kama handla wa nyuma, ili ujifunze kupokea na kuvusha. Fohendi tutaishughulikia kabla ya mazoezi kuanza, fika saa mbili asubuhi.

#26 Mlinzi Asiyechoka
Nami nitakuja na wenzangu wawili. Nitasimama mita tano mbele ya handla wa nyuma na kuziba njia ya mkataji kila diski inapofika pembeni, kisha Dada Rongai aandike ni nani aliyeniadhibu kwanza: mtupaji aliyeniona, au handla aliyekimbia.